Nchi Iliyofuta "Ila"

Nchi ya Salamani haipo. Nakuambia mapema ili baadaye tusije tukashikana mashati. Ukisoma ukamwona mkuu wa shule aliyekusomesha, au waziri uliyemsikia kwenye taarifa ya jana, basi macho yako yana lake jambo. Mimi simo. Mimi nasimulia tu.

Watu wa Salamani walikuwa na desturi waliyoirithi kwa mababu. Ukimuuliza mtu, "Habari?" alijibu, "Nzuri," hata kama anatoka makaburini na udongo haujamkauka mikononi. "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu, ila nyumba imeungua." "Habari za safari?" "Nzuri, ila gari limepinduka na mjomba hatunaye." Wageni walidhani ni wendawazimu. Wenyewe walielewana vizuri mno, kwa sababu "nzuri" ilikuwa ya adabu, na baada ya "ila" ndipo mtu alipotega sikio. Mtu akisema nzuri, kisha akanyamaza, hapo ulijua kweli kwake ni kwema. Ukaomba maji ya kunywa, ukaenda zako.

Shule za sekondari nazo zilikuwa na karatasi ya kila wiki iliyoitwa Habari za Shule. Ilibandikwa getini na kutumwa kwenye simu za wazazi. Humo uliona nani ameshinda mbio, mitihani inaanza lini, kikao cha wazazi kitakuwa wapi, na ila zake. "Wanafunzi wanaendelea vizuri, ila maharage yana wadudu." Wazazi wakisoma, Jumamosi wanafika na maharage mengine. "Mahafali yalifana, ila choo cha kidato cha tatu kimetitia." Jumamosi wanafika na majembe. Hivyo ndivyo shule zilivyokwenda, na hakuna aliyeona ajabu.

Mpaka siku Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Dakta Dakta Tambalale, alipozisoma. (Udakta wa kwanza alipewa na chuo. Wa pili alijipa mwenyewe baada ya kuuzoea wa kwanza.) Alikuwa amekwama barabarani akisubiri msafara wa mkubwa zaidi yake upite, na kwa kukosa cha kufanya akazisoma Habari za Shule kwa mkupuo, za nchi nzima. Alipofika alikokuwa anakwenda alipanda jukwaani akiwa ameshakuwa mtaalamu.

"Ndugu wananchi! Nimefanya utafiti. Shule zetu hazina tatizo la maji. Hazina tatizo la madawati. Hazina tatizo la walimu. Zina tatizo la neno moja, herufi tatu! Someni wenyewe. Kabla ya ila, kila kitu ni kizuri. Ubaya wote unakuja baada ya ila. Sasa nauliza, tukiling'oa neno hilo, ubaya utapita wapi?"

Watu walipiga makofi. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, na hoja kama ile ukiwa juani huwezi kuijibu.

Waraka ukatoka: neno "ila" ni marufuku katika habari zote zinazowahusu wanafunzi na familia zao. Walimu wakakimbilia "lakini". Likafutwa. Wakahamia kwa "isipokuwa", likafuata. "Walakini" lilikamatwa bila hata kutumika, kwa sababu ya ukoo wake. Katika maktaba za shule, ukurasa wa kamusi wenye "ila" ulibandikwa kwa gundi, na kwa kuwa "imani" inakaa ukurasa uleule, nayo ikaenda na maji. Kisha kila shule ikapelekewa Mkaguzi wa Ila, akapewa kiti kwenye ofisi ya walimu na kalamu nyekundu.

*

Sasa twende Kiwambo. Sekondari ya Wasichana Kiwambo iko chini ya mwinuko, na mvua ikinyesha maji hayana njia nyingine ila kupita kwenye msingi wa mabweni. Nimelitumia, nisamehe. Ulimi.

Mwandishi wa Habari za Shule pale alikuwa Mwalimu Sikitu, mwalimu wa Kiswahili, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Zamani karatasi yake ilisifika wilaya nzima. Alijua ila ya kumfanya mzazi acheke na ila ya kumfanya mzazi apande basi. Sasa alikuwa anaandika mambo kama "Wanafunzi wote wamefaulu, wengine wamefaulu kurudia darasa," na kila akimaliza alijisikia kama aliyekula udongo.

Hayo angeyavumilia. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa Bweni la Tausi.

Ukuta wa Tausi ulianza na ufa wa kupitisha unywele. Ukawa wa kupitisha kidole. Mvua za vuli zilipopita, wasichana wakawa wanachomeka miswaki yao humo, na kwa kweli palifaa. Asubuhi moja msichana wa kidato cha pili, Restituta, hakuuona wake. Akazunguka nje akaukuta kwenye majani. Mwalimu Sikitu alipopata habari hiyo alikwenda kutazama. Akatia mkono kwenye ufa, mkono ukazama hadi kiwiko, na vidole vikahisi upepo wa upande wa pili. Nasema wazi, aliogopa, kwa sababu masika yalikuwa yanakuja, na ndani ya bweni lile vitanda vilipandana juu kwa juu, na kwenye vitanda hivyo walilala watoto wa watu.

Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, Bwana Nyangalio.

"Mkuu, ukuta wa Tausi utaanguka."

Bwana Nyangalio aliinuka, akafunga mlango. "Mwalimu, tuongee kistaarabu. Anza upya. Habari za Tausi?"

"Nzuri, i..."

"Ishia hapohapo! Umeona? Nzuri. Umesema mwenyewe."

"Basi tumwite fundi tu, mkuu. Kimyakimya."

"Nikiomba fundi, wilayani wataniuliza anakuja kufanya nini. Nikisema kuziba ufa, tayari nimetangaza ubaya. Na wao watanijibu kwamba ukuta mzuri hauhitaji fundi. Walishamjibu hivyo mwenzangu wa kule bondeni." Akashusha sauti. "Nakaribia kustaafu, mwalimu. Usinichimbie kaburi."

"Makaburi yatachimbwa, mkuu. Si la kwako tu."

"Toka nje," alisema Bwana Nyangalio, lakini alisema bila ukali, na hakumtazama usoni.

*

Mkaguzi wa Ila wa Kiwambo aliitwa Bwana Kidahwa. Alikuwa mtu mpole asiye na ubaya na mtu, na kazi yake ilikuwa kula maandazi na kufuta. Mwalimu Sikitu akampelekea karatasi ya wiki ile. Ilisema: "Ukuta wa Bweni la Tausi una ufa mkubwa."

Bwana Kidahwa alisoma, akageuza karatasi, akaisoma tena.

"Hapa hakuna ila," alisema.

"Hakuna."

"Mbona naisikia?"

Akakata sentensi nzima. Juu yake akaandika kwa mwandiko mzuri: "Bweni la Tausi limepata rafu ya miswaki na hewa ya kutosha." Wazazi walijibu kwa simu: hongereni sana, uongozi bora.

Wiki iliyofuata Mwalimu Sikitu akatumia akili. Alianzisha sehemu mpya, Methali ya Wiki, akaandika: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Ni methali ya mababu, alijiambia, nani atathubutu kuigusa? Akakaa akimwangalia Bwana Kidahwa anavyotafuna.

"Methali nzuri," alisema mkaguzi. "Ina upungufu kidogo tu. Inamtisha mzazi. Inamwambia atajenga yeye, wakati serikali ipo." Akaongeza maneno mawili matatu, akapuliza wino ukauke. Karatasi ikatoka ikisomeka: "Usipoziba ufa, utajengewa ukuta na serikali."

Wazazi wa Kiwambo walipoisoma walifurahi hadi wakapigiana simu. Kumbe serikali inajenga ukuta mpya! Mwenyekiti wa wazazi, Bi Mwazani, mama mtu mzima anayeuza samaki wakavu na asiyependa deni la fadhila, akasema haifai kunyamaza, lazima ashukuriwe aliyejenga. Shukrani zikapanda ngazi, kutoka kijijini hadi wilayani, kutoka wilayani hadi kwa Mheshimiwa Dakta Dakta mwenyewe, ambaye hakukumbuka kujenga ukuta wowote, jambo ambalo halikumzuia kukubali kuja kushukuriwa. Ikapangwa siku: iwe siku moja na Siku ya Wazazi ya shule.

Mwalimu Sikitu aliposikia alishika kichwa. Akaamua kupiga simu, potelea mbali, hata kama Bwana Kidahwa amekaa meza ya pili. Akampigia baba yake Restituta.

"Shikamoo, Mzee Ligunda."

"Marahaba, mwalimu! Habari za huko?"

"Nzuri."

Aliapa baadaye kwamba hakulisema yeye, lilijisema. Kinywa cha mtu wa Salamani ukikiuliza habari, hakisubiri ruhusa. Sasa ilikuwa zamu ya lile neno la pili, na Mzee Ligunda, mtu aliyelelewa vizuri, akanyamaza kulisubiri. Katika ukimya huo Bwana Kidahwa akaweka andazi lake mezani, taratibu, akainua kalamu.

"Nzuri tu?" akauliza mzee.

"Nzuri... tu."

"Aa, tumshukuru Mungu! Moyo umetulia. Mtoto aliniambia mambo ya mswaki nikaanza kuota vibaya. Nilitaka nije kesho nimchukue akae nyumbani kidogo. Basi naacha. Nitamwona hiyo Siku ya Wazazi."

Simu ikakatika. Mwalimu Sikitu alikwenda nyuma ya stoo akalia kwa hasira, akijipiga mdomo kwa kiganja. Mdomo gani huu, alijiuliza, unaoweza kufundisha ngeli zote za Kiswahili na kushindwa kuokoa mtoto mmoja?

*

Siku ya Wazazi ikafika, na mawingu ya masika nayo yakafika, yakakaa juu ya mwinuko. Ukuta wa Tausi ulipakwa rangi kwa ajili ya mgeni. Brashi moja ilitumbukia kwenye ufa na haikuonekana tena. Kwa kuwa rangi haikuweza kufunika shimo, walitundika bango kubwa, KARIBU MHESHIMIWA, likafunika kuanzia juu hadi chini, na upepo ukivuma kutoka upande wa pili yule Mheshimiwa wa bangoni alikuwa anatuna tumbo. Wasichana waliagizwa wasiegemee.

Mheshimiwa Dakta Dakta alifika akiwa amechelewa kwa heshima zote. Alihutubia.

"Ndugu wazazi! Zamani mlikuwa mnapata habari. Leo mnapata habari nzuri. Hayo ndiyo maendeleo! Nauliza, tangu tulifute lile neno, nani hapa amesoma kwamba maharage yana wadudu?"

"Hakuna!" wazazi wakaitikia.

"Nani amesoma kwamba choo kimetitia?"

"Hakuna!"

"Basi wadudu wameisha na vyoo vimesimama! Mnataka ushahidi gani?"

Kisha akatangaza Tuzo ya Kalamu Njema, kwa mwandishi wa Habari za Shule zisizo na ila hata moja. Mshindi wa nchi nzima alikuwa Mwalimu Sikitu wa Kiwambo, hasa kwa ile methali. Bwana Kidahwa alipiga makofi kuliko wote, na kwa haki, maana aliiandika yeye.

Mwalimu Sikitu alipanda jukwaani. Kwa mujibu wa ratiba, mwenyekiti wa wazazi ndiye aliyepaswa kumkabidhi tuzo, na kwa mujibu wa adabu mtu hakabidhiwi kitu kabla ya kusalimiana. Kipaza sauti kikawekwa katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwazani. "Habari za watoto wetu?"

Mwalimu Sikitu alifungua mdomo. Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limejipanga, linasubiri kutoka. Akamwona Mzee Ligunda safu ya mbele, amevaa koti la harusi, anatabasamu. Akang'ata meno. Akalimeza. Likagoma kushuka, akalimeza tena, macho yakamtoka machozi mbele ya watu. Kisha akasema:

"Mbaya."

Hapo ngoja nikueleze kitu. Neno hilo halikuwa limepigwa marufuku. Wizara ilifuta ila, ikafuta lakini, ikafuta walakini na nduguze, na haikuwahi kuligusa hilo, kwa sababu tangu Salamani iwe Salamani hakuna mtu aliyewahi kuulizwa habari akajibu hivyo. Bwana Kidahwa alipekua waraka wake mbele na nyuma, asione pa kukata.

Fundi mitambo akagonga kipaza sauti akidhani kimeharibika. Mshereheshaji, maskini, akajaribu kuokoa jahazi: "Nadhani mwalimu amesema... mbayuwayu! Ndiyo, ndege hao, msimu wao..."

"Umesemaje, mwanangu?" aliuliza Bi Mwazani, kwa sauti ndogo.

"Mbaya, mama. Hakuna ukuta mpya. Wa Tausi umepasuka, mkono wangu unapita. Utawaangukia watoto. Nendeni mkawatoe. Nendeni sasa hivi!"

Ile sauti ya ng'ambo ya bonde haikuhitaji kipaza. Bi Mwazani aliiweka tuzo chini, akakaza khanga kiunoni, akashuka jukwaani bila kuaga. Viti vikaanguka. Mzee Ligunda alikuwa wa kwanza kuling'oa bango, na alipouona ufa alipiga ukelele, "Mama yangu!" Nyuma yao Mheshimiwa Dakta Dakta alikuwa bado ameshika kipaza sauti: "Ndugu wazazi, kaeni! Bado hamjanishukuru!"

*

Nisikuweke roho juu. Ukuta ulianguka wiki hiyohiyo, mvua ya kwanza ya masika, mchana kweupe, na ukaenda na paa. Ndani hapakuwa na mtu.

Wizara iliunda tume. Tume ilikaa, ikanywa chai, ikagundua kwamba ukuta uliosimama muda wote wasichana wakiwemo ulianguka mara tu walipotolewa. Ikahitimisha kwamba kilichokuwa kimeushikilia ukuta ni wasichana. Mwalimu Sikitu akapatikana na kosa la kuliangusha bweni kwa mdomo, na barua aliyopewa ilianza hivi: "Hongera! Umechaguliwa kupumzika." Bwana Kidahwa ndiye aliyeitunga, na alipompelekea alimchukulia na maandazi. Sasa Mwalimu Sikitu anafundisha tuisheni kwenye baraza ya Bi Mwazani, katikati ya harufu ya samaki, na watoto ni wengi hadi wengine wanakaa kwenye ngazi.

Nimeruka kitu, hata hivyo. Nimekiruka makusudi, kwa sababu kinanikera mpaka leo. Turudi siku ile, wazazi walipovamia Tausi.

Kila mzazi alikuwa anatafuta kitanda cha mwanawe. Magodoro yalitolewa kwa mlango na kwa dirisha. Masanduku yalipita juu ya vichwa. Bi Mwazani, ambaye mjukuu wake alilala safu ya katikati, alishajitwika godoro anatoka, akakiona kitanda kimoja kando ya ufa kabisa. Hakikuwa na godoro. Hakikuwa na chandarua wala sanduku. Mbao zilikuwa wazi, na vumbi lilikuwa limelala juu yake jingi kiasi cha kuandika jina kwa kidole.

"Hapa analala nani?"

Wasichana walitazamana. Restituta ndiye aliyejibu. "Halali mtu, bibi. Tangu vuli. Mwenyewe alihamishwa, akalale kwao."

"Kwao wapi?"

Restituta akaonyesha kwa kidevu nyumba ya bati jekundu, pale juu karibu na geti, nyumba ya mkuu wa shule. Na kweli, kwenye mguu wa kitanda jina lilikuwepo, limeandikwa kwa chaki: Adelina Nyangalio.

Bwana Nyangalio alikuwa amesimama mlangoni na suti yake, ratiba ya sherehe mkononi. Wazazi wote walisimama na mizigo yao wakamtazama. Hakuna aliyemtukana. Bi Mwazani alitua godoro, akajifunga khanga upya, akamwendea polepole kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya heshima.

"Mkuu," alisema. "Habari za Adelina?"

Mkuu wa shule aliikunja ile ratiba.

"Nzuri," akasema.

Wazazi wakanyamaza, wakisubiri aendelee. Hakuwa na cha kuongeza.